Kidonge Tumboni, Mayai Uwanjani: Somo Kuhusu Dawa za Minyoo

Wapendwa wanakamati wa sharika zetu, na ninyi marafiki wa mradi mlio karibu na mlio mbali,

Katika kikao kimoja cha kamati ya afya ya usharika, nilipomaliza kusoma taarifa ya mwaka, mama mmoja mzee wa kanisa alinyoosha mkono. Taarifa ilikuwa nzuri. Ilionyesha idadi ya shule tulizofika, idadi ya watoto waliomeza dawa na idadi ya vidonge vilivyotumika. Mama yule akasema: "Mratibu mwanangu, mimi nina swali dogo tu. Wajukuu zangu walipewa dawa hiyo mwaka juzi, wakapewa mwaka jana, na mwaka huu wamepewa tena. Kama dawa inaponya, mbona bado wana minyoo? Na kama haiponyi, mbona tunaendelea kuitoa?"

Nilijibu kwa maneno mengi, lakini nilipofika nyumbani nilijua kwamba sikumjibu. Somo la robo hii ni jibu ninalomdai mama yule. Ni somo pia kwa sisi sote, kwa sababu kabla bajeti ya mwakani haijapelekwa kwa wafadhili, kila kamati inaombwa kutoa maoni. Je, fedha za mradi wa minyoo ziendelee kutumika zote kwenye siku za kutoa dawa, kama ilivyokuwa miaka iliyopita? Au sehemu kubwa iende kwenye vyoo, maji ya kunawa na upimaji? Uamuzi huu usifanywe kwa mazoea. Ufanywe kwa kujua utafiti unasema nini.

Mnyoo tunaouzungumzia

Minyoo ya tumbo iko ya aina nyingi. Ipo safura, inayofyonza damu na kumwacha mtu amepauka na kuishiwa nguvu. Ipo minyoo mjeledi, myembamba kama uzi, inayojishikiza kwenye utumbo mpana. Na upo ule mkubwa wa mviringo, unaofanana na nyungunyungu mweupe, ambao wazee wetu wanauita mchango na wataalamu wanauita askarisi. Huu ndio ambao mzazi anaushuhudia kwa macho yake mtoto anapojisaidia au anapotapika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban bilioni 1.5 duniani wana aina moja au zaidi ya minyoo inayoambukizwa kupitia udongo.

Askarisi jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 35. Anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja, na anaishi tumboni mwaka mmoja hadi miwili. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Yanatoka pamoja na kinyesi. Yakiangukia chooni, kwenye shimo lililofunikwa, safari yao kwa kawaida inaishia hapo. Yakiangukia nyuma ya nyumba, kwenye migomba au pembeni mwa uwanja wa shule, yanakaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Baada ya wiki mbili hadi nne yanakuwa tayari kuambukiza. Hapo tena hayana haraka. Yana ganda gumu, na udongo ukiwa mzuri kwao yanaweza kuishi humo miaka kadhaa.

Mtoto anacheza, anashika udongo, anakula embe bila kunawa. Mayai yanaingia tumboni na kuanguliwa. Mabuu, yaani minyoo michanga, hayabaki tumboni. Yanapenya ukuta wa utumbo, yanasafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mapafu, yanapanda hadi kooni, kisha yanamezwa tena na kurudi kwenye utumbo mwembamba. Hapo ndipo yanapokua na kuwa minyoo mikubwa. Tangu yai kumezwa hadi mnyoo jike kuanza kutaga ni miezi miwili hadi mitatu.

Safari hii ya mapafuni ilithibitishwa kwa mwili wa mtu. Mwaka 1922 daktari wa Japani aitwaye Shimesu Koino alimeza mwenyewe mayai 2,000 ya askarisi. Akaugua kifua, na katika makohozi yake wakayaona mabuu. Kwa hiyo mtoto mwenye kikohozi kisichoeleweka katika eneo lenye minyoo mingi huenda anaumwa minyoo, ingawa choo chake bado hakionyeshi yai hata moja.

Kuna jambo moja la kushika hapa, kwa kuwa somo lote linalitegemea. Askarisi hawazaliani ndani ya tumbo la mtu. Mayai lazima yatoke nje kwanza, yakae kwenye udongo, ndipo yaambukize. Mtoto mwenye minyoo 30 amekula mayai 30 au zaidi kutoka nje. Minyoo ya tumboni inatuonyesha hali ya uwanja anaochezea.

Dawa zinafanya nini

Katika miaka ya 1950 dawa iliyotumika sana ni piperazini, ambayo ililegeza mnyoo hadi ukatolewa pamoja na kinyesi. Baadaye ikaja pirantili, inayofanya kazi kwa namna inayokaribiana nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikapatikana mebendazoli, na baada yake albendazoli. Wafugaji wanaijua albendazoli vizuri, kwa sababu ilianza kama dawa ya mifugo kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu katika miaka ya 1980. (Naomba nionye hapa: dawa ya mbuzi apewe mbuzi. Kipimo chake na utengenezaji wake si vya mtoto.)

Albendazoli na mebendazoli huharibu viungo vidogo ndani ya chembe za mwili wa mnyoo. Mnyoo unashindwa kufyonza sukari, unakosa nguvu na kufa polepole. Ndiyo maana mzazi asitegemee kuona minyoo siku ile ile. Wengine huiona baada ya siku chache, na wengine hawaioni kabisa.

Je, dawa hizi zinaponya? Mwaka 2008 watafiti wa Uswisi, Jennifer Keiser na Jürg Utzinger, walikusanya tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali na kuzijumlisha. Kwa dozi moja tu, matokeo yalikuwa haya:

- Askarisi: albendazoli iliponya watu 88 katika kila 100, na mebendazoli 95.
- Safura: albendazoli iliponya 72 katika kila 100, na mebendazoli 15 tu.
- Minyoo mjeledi: albendazoli iliponya 28 katika kila 100, na mebendazoli 36.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali la mama yule ina jibu: ndiyo, kwa mchango mkubwa wa mviringo, kidonge kimoja kinaponya karibu kila mtoto. Kwa minyoo mjeledi kidonge hicho hicho ni dhaifu, na tunapowaambia wazazi kwamba "dawa ya minyoo" inaondoa minyoo yote tunawaambia jambo lisilo kweli.

Kwa nini minyoo inarudi

Mwaka 2012 kundi jingine la watafiti lilichapisha uchunguzi wa swali hasa la mama yetu: baada ya watoto kumeza dawa, minyoo inarudi kwa kasi gani? Walijumlisha tafiti nyingi na kuona kwamba baada ya miezi 3 maambukizi ya askarisi yalikuwa yamefikia asilimia 26 ya kiwango cha mwanzo. Baada ya miezi 6 yalikuwa asilimia 68, na baada ya miezi 12 asilimia 94.

Tulete hesabu hiyo shuleni kwetu kwa mfano. Tuseme kabla ya dawa watoto 50 katika kila 100 wana mchango. Tunatoa dawa, tunapiga picha, tunaandika taarifa. Baada ya miezi mitatu watoto 13 wana mchango tena. Baada ya miezi sita ni 34. Tunaporudi mwaka unaofuata tunawakuta 47. Kidonge kilifanya kazi yake, lakini mayai yalikuwa yanawasubiri watoto uwanjani.

Hii haimaanishi kwamba kazi ilikuwa bure. Katika miezi ile mtoto alipumzika. Alikula akashiba yeye badala ya kuishibisha minyoo. Tena anayekuwa na minyoo michache hayuko katika hatari sawa na mwenye minyoo mingi, kwa sababu ni wingi wake unaoziba utumbo na kumpeleka mtoto kwenye upasuaji. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wapewe dawa mara moja kwa mwaka pale ambapo watu 20 au zaidi katika kila 100 wameambukizwa, na mara mbili kwa mwaka pale wanapofika 50 au zaidi. Lakini mpango wenye kidonge peke yake ni mpango usio na mwisho. Kila mwaka tutaomba fedha zile zile kwa ajili ya watoto wale wale.

Waliofika mwisho: somo kutoka Korea

Ipo nchi iliyofika mwisho, na habari yake inaanzia katika hospitali ya misheni. Mwaka 1963, katika hospitali ya Kipresbiteri mjini Jeonju, Korea Kusini, aliletwa msichana wa miaka tisa mwenye maumivu makali ya tumbo. Daktari mmisionari Paul Crane alimfanyia upasuaji na kukuta utumbo umezibwa. Alitoa minyoo ya askarisi 1,063. Mtoto yule hakupona.

Kifo chake kiliwashtua watu. Mwaka uliofuata, 1964, kilianzishwa chama cha taifa cha kutokomeza vimelea. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya kuzuia magonjwa ya vimelea. Kuanzia mwaka 1969 wanafunzi walianza kupimwa choo mara mbili kwa mwaka nchi nzima. Kila mwanafunzi alipeleka shuleni choo chake katika kifuko, kikapimwa kwa hadubini, na aliyekutwa na mayai akapewa dawa. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1995.

Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 1971, Wakorea 55 hivi katika kila 100 walikuwa na askarisi. Mwaka 1981 walikuwa 13. Mwaka 1986 walikuwa 2. Mwaka 1992 hakufika hata mmoja katika kila 100. Baadaye wataalamu wa Korea walikuja hadi Kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria kusaidia kupambana na kichocho na minyoo.

Tusisome habari hii nusu. Ni kweli walitoa dawa, tena nyingi. Lakini katika miaka hiyo hiyo wakulima wa Korea waliacha kuweka kinyesi cha binadamu kwenye bustani za mboga na kutumia mbolea za viwandani. Vijiji vilijengwa upya, vyoo vikaboreshwa, maji yakasogea karibu na kipato kikapanda. Dawa ilipunguza mayai yanayotoka kwa watu, na vyoo vikazuia yaliyobaki yasifike kwenye udongo na chakula. Pia walipima. Kila mwaka walijua wako wapi, kwa sababu walihesabu mayai na si vidonge peke yake.

Choo nacho si kujenga tu

Baadhi yenu mtasema: basi tujenge vyoo, tumemaliza. Hapa pia utafiti unatuonya.

Katika mkoa wa zamani wa Nyanza nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha shule zilizopata dawa pamoja na vyoo, maji na mafunzo ya kunawa, na shule zilizopata dawa peke yake. Katika kundi la kwanza uwezekano wa mtoto kuambukizwa askarisi tena ulikuwa chini kwa asilimia 44. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini kwa safura na minyoo mjeledi tofauti haikuonekana.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika vijijini magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019. Familia zilizopata mambo matatu kwa pamoja, yaani maji ya kunywa yaliyotibiwa, choo na mahali pa kunawa kwa sabuni, watoto wao walikuwa na askarisi pungufu kwa asilimia 22. Zilizopata choo peke yake hazikuona upungufu wa kutegemewa. Na katika jimbo la Odisha nchini India, vijiji vilijengewa vyoo kwa wingi lakini maambukizi ya minyoo hayakupungua, maana kaya nyingi hazikuwa na choo kinachofanya kazi, na waliokuwa nacho wengi waliendelea kwenda porini.

Sisi tunaoishi vijijini hatushangai. Tunavijua vyoo vinavyofungwa kwa kufuli ili vitumiwe na wageni. Tunavijua vyoo vya shule ambavyo wasichana hawaviingii kwa kuwa havina mlango. Tunajua pia desturi ya kutupa kinyesi cha mtoto mchanga nyuma ya nyumba, kwa kusema kwamba cha mtoto si uchafu. Ukweli ni kwamba watoto wadogo ndio wenye askarisi wengi, na kinyesi chao ndicho chenye mayai mengi. Kampeni ya serikali ya "Nyumba ni Choo", iliyoanza mwaka 2017, iliwafanya watu wengi wazungumze juu ya choo bila aibu. Kazi yetu ni kuendeleza mazungumzo hayo hadi kwenye matumizi: nani anakitumia, mtoto anakitumiaje, na kibuyu chirizi kina maji na sabuni leo au kilikuwa na maji siku ya wageni tu?

Tusiahidi kupita kipimo

Sehemu hii ninaiandika hasa kwa wafadhili wetu, na ninaiandika kama mtu anayejisahihisha. Katika maombi ya fedha ya miaka iliyopita tuliandika kwamba dawa ya minyoo itaongeza uzito wa watoto, itaondoa upungufu wa damu na itainua ufaulu. Tuliandika kwa nia njema, lakini tuliandika zaidi ya tunachokijua.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1998 ulianza mradi katika shule 75 za Busia, Kenya. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walieleza mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa angalau robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2021 wao na wenzao walionyesha kwamba, miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na matumizi ya fedha makubwa zaidi kwa asilimia 14. Kwa upande wa pili, mapitio ya Cochrane, yaliyorudiwa mwaka 2019, yalijumlisha majaribio mengi ya kuwapa dawa watoto wote bila kuwapima. Yaliona kwamba kwa wastani faida katika uzito, damu na masomo ni ndogo au haionekani.

Mbona matokeo yanapishana hivyo? Sababu mojawapo ni wastani wenyewe. Unapowapa dawa watoto 100 na wenye minyoo mingi ni 10 tu, faida ya wale 10 inafichwa na wale 90 ambao hawakuwa na shida. Hakuna anayebisha kwamba mtoto mwenye minyoo mingi anahitaji dawa. Kinachobishaniwa ni kiasi gani kijiji kizima kinabadilika kwa kidonge peke yake. Mtu mwaminifu anaweza kuahidi la kwanza. La pili tuliahidi bila kipimo, na kuanzia sasa halitakuwemo katika maombi yetu.

Dawa hazitadumu milele

Wafugaji wanajua kwamba dawa ya kuogesha ikitumiwa ovyo kupe huizoea. Kwa minyoo ya kondoo na mbuzi jambo hilo limekwisha kutokea katika nchi nyingi. Kwa askarisi wa binadamu bado hatujafika huko, ila dalili za kuangalia zipo. Shirika la Afya Duniani linategemea kwamba dozi moja ya albendazoli ipunguze mayai ya askarisi kwa asilimia 95 au zaidi. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba katika shule walizochunguza nchini Rwanda upungufu ulikuwa chini ya kiwango hicho. Hawakukuta kwenye minyoo ile mabadiliko ya urithi yanayojulikana kwa usugu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni usugu. Lakini asiyepima hatajua siku dawa itakaposhindwa.

Habari njema ni kwamba dawa mpya zinatafutwa, na sehemu ya kazi hiyo inafanyika hapa hapa nchini, Kisiwani Pemba, ambako iko Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watoto wa shule za Pemba wenye minyoo mjeledi. Albendazoli peke yake iliponya chini ya 3 katika kila 100, lakini ilipochanganywa na dawa iitwayo oksanteli iliponya 31. Mchanganyiko wa albendazoli na ivermektini nao ulijaribiwa Pemba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba uliponya 49 katika kila 100. Ivermektini ni dawa ile ile inayotumika dhidi ya usubi na matende, na waliohusika kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Watoto wa Pemba waliokubali kupimwa choo chao wamewafundisha madaktari wa dunia nzima.

Mapendekezo kwa kamati

Kwa kuzingatia hayo yote, ofisi ya miradi inaleta mapendekezo matano. Kamati iyajadili kwa uhuru.

1. Siku za kutoa dawa ziendelee, kupitia mpango wa serikali. Vidonge vingi vya mashuleni hutolewa bure na watengenezaji kupitia Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo mradi hauna sababu ya kununua vile vile. Hata hivyo, mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada mingi ya nje, ikiwemo ile iliyogharimia usambazaji wa dawa kama hizi. Kila kamati iulize mapema kwa mganga mkuu wa wilaya kama ratiba iko palepale, na tutenge akiba ya usafiri endapo msaada utahitajika.

2. Usharika uwatafute wanaoachwa. Hao ni watoto wasiosoma, wanaochunga mifugo, wenye ulemavu waliofichwa nyumbani, na wa chini ya miaka mitano wasiofika kwenye kampeni za matone ya vitamini A. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa nusu ya kidonge cha albendazoli cha miligramu 400. Mdogo chini ya miaka mitatu kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji, wala asilazimishwe akiwa analia, maana anaweza kupaliwa. Mama mjamzito asipewe katika miezi mitatu ya kwanza.

3. Sehemu kubwa ya fedha za mradi iende kwenye vyoo vya shule vyenye milango na sakafu inayosafishika, na kwenye vibuyu chirizi vyenye sabuni. Kila shule iwe na mwalimu na wanafunzi wa zamu, na usharika uwe na mtu wa kupita kukagua bila taarifa.

4. Tupime. Kabla ya siku ya dawa, na tena baada ya miezi sita, zahanati ipime choo cha watoto wachache waliochaguliwa kwa kura, kwa ruhusa ya wazazi. Gharama si kubwa, na ndiyo itakayotuonyesha kama tunapiga hatua.

5. Taarifa zibadilike. Badala ya kuandika "vidonge vilivyotolewa", tuandike watoto wangapi walikutwa na minyoo mwanzo, na wangapi baada ya miezi sita. Namba ikiwa mbaya, tuiandike hivyo hivyo.

Najua pendekezo la tano linaogopesha. Picha ya mtoto anayemeza kidonge inapendeza kwenye kalenda ya mfadhili. Picha ya shimo la choo haipendezi, na namba ya miezi sita inaweza kutuaibisha. Marafiki zetu wafadhili, tunawaomba mtuvumilie katika hili. Tukiwaletea namba ndogo lakini ya kweli, msituone tumelegea. Mwenye kukuletea hesabu isiyompendelea ndiye wa kumwamini na fedha.

Na wewe mama uliyeuliza, jibu langu ni hili. Dawa inaponya. Wajukuu zako walipona kila walipopewa. Wakarudi kucheza uwanjani, na uwanja tulikuwa hatujautibu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba ngapi ambazo kinyesi cha mtoto mchanga hakitupwi chooni? Nani anaweza kuzungumza na akina mama bila kuwaaibisha?
2. Vyoo vya shule iliyo karibu nasi vinatumiwa na wanafunzi wote? Kama sivyo, kinachowazuia ni nini?
3. Ni watoto gani katika usharika wetu ambao siku ya dawa haijawahi kuwafikia?
4. Tukiambiwa kwamba baada ya miezi sita minyoo imerudi, tutawaelezaje wazazi na wafadhili?
5. Kamati yetu inaunga mkono mapendekezo yapi, na inapinga yapi? Toeni sababu.

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na yapitie kwa mchungaji wa usharika kabla ya kufika ofisini, ili yaingizwe katika bajeti ya mwakani.

Wenu katika huduma,
Mratibu wa Miradi